Farasi akikwama goti, muulizeni saisi

Farasi akigoma kutoka bandani asubuhi, wa kwanza kulaumiwa ni farasi mwenyewe, na wa pili ni saisi. Farasi ataitwa mkaidi. Saisi ataambiwa kamdekeza. Kisha itatafutwa fimbo. Nimefanya kazi ya usaisi tangu ujana wangu, kwanza kwa farasi wa mbio pale Ngong, na sasa ni mnyapara wa mabanda ya farasi wa kupanda huko Karen. Ukaidi mwingi niliouona mimi ulikuwa goti linalosumbua, na aliyelijua kabla ya mwenye farasi na kabla ya daktari ni yule anayezoa samadi.

Goti ninalolisema ni la nyuma. Wasiozoea farasi hutazama kiungo cha katikati ya mguu wa mbele wakadhani ndilo goti, kumbe kwa mpangilio wa mifupa kile ni kifundo cha mkono. Goti lenyewe liko nyuma, juu kabisa, pale paja linapokutana na tumbo, na ngozi imelifunika hata mgeni hulipita asilione. Ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili wa farasi. Ndani yake mfupa wa paja unakalia mfupa wa muundi, katikati zimo gegedu mbili za kuzuia mifupa isisagane, na mbele iko pia ya goti, inayopanda na kushuka huku imeshikwa chini na kano tatu: ya ndani, ya kati na ya nje. Pitisha vidole chini ya pia hiyo, bonyeza polepole. Kwa farasi mzima utazipata kano zile moja moja, na kati yake pamebonyea. Kiungo kikijaa maji, kano zinafichika na vidole vinakuta uvimbe laini uliotuna. Saisi mwenye mkono mzuri huligundua hilo akiwa anapiga brashi tu, taa haijawashwa.

Katika kano hizo tatu, ya ndani ndiyo yenye visa. Farasi amejaliwa uwezo wa kupumzika akiwa amesimama. Huinua pia ya goti, akaipachika pamoja na kano ile juu ya ukingo wa mfupa wa paja, na mguu ukajifunga kama mlango uliotiwa komeo, misuli isipate kazi kubwa. Akitaka kwenda, misuli ya mbele ya paja huivuta pia juu na kuisogeza nje kidogo, na mguu ukawa huru. Kwa mnyama ambaye simba anaweza kumjia usiku wowote, kusinzia wima ni neema. Taabu huja mguu unapokataa kufunguka.

Tuna farasi jike wa rangi ya hudhurungi aliyeletwa kwetu baada ya kustaafu mbio. Mapambazuko yakianza kuonekana, unafungua mlango wake na kumfunga kamba ya kichwa. Anatoa miguu ya mbele, anatoa mguu wa nyuma wa kulia, halafu anasimama. Wa kushoto umebaki nyuma yake, umenyooka kutoka pajani hadi chini. Goti halikunjiki, wala kile kiungo kikubwa kilicho chini yake. Kinachojikunja ni kiungo cha juu ya ukwato peke yake. Ncha ya ukwato inachora mstari kwenye maranda. Macho yamemtoka, masikio yanageuka huku na huku. Hapo asiyejua humvuta mbele kwa nguvu, na asiyejua zaidi humchapa. Anayejua huweka kiganja kifuani mwake, akamwambia taratibu "rudi mama, rudi", akamsukuma kinyumenyume hatua moja au mbili. Unasikia "tak!", mguu unaruka juu ghafla, kisha anatoka nje akitembea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Saa nne mwenye farasi anafika. Farasi ameshatembezwa, misuli imepata moto, hachechemei hata kidogo.

"Madam, leo asubuhi alikwama tena mguu wa kushoto."

"Mbona yuko sawa? Labda alilala vibaya."

Basi, habari imeishia hapo. Katika mabanda mengi ya nchi hii, neno la saisi haliandikwi popote. Mwenye farasi huja farasi akiwa amepashwa moto, daktari huitwa mchana, mkufunzi humtazama akiwa tayari ametandikwa. Dalili inayohitajika ilitokea alfajiri mbele ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuulizwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wapo watakaosema naipa alfajiri uzito usiostahili. Wafikirie jinsi farasi wetu wanavyolala. Katika nchi hii kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi wadogo wanaouma zaidi kuanzia machweo hadi mapambazuko, na pundamilia wetu hukaa na virusi vyake bila kuugua. Kwa sababu hiyo tunachanja, na juu ya chanjo tunawaingiza farasi bandani kabla jua halijatua, wasitoke mpaka kupambazuke. Hapa karibu na ikweta, huo ni usiku wa saa kumi na mbili na zaidi. Ni desturi nzuri na imeokoa farasi wengi, wala siombi iachwe. Lakini maana yake ni kwamba kila siku ya Mungu farasi wetu husimama nusu ya maisha yake katika chumba cha hatua chache, na goti bovu halipendi kitu kama kusimama. Hatua kumi za kwanza za asubuhi ndizo zenye habari zote.

Tena fikirieni wanatoka wapi wengi wa farasi hawa wa kupanda. Uwanja wa Ngong umekuwa ukichezewa mbio tangu mwaka 1954, na farasi asiyeshinda tena lazima aende mahali. Wengine huuzwa kwa shule za kupanda, wengine kwa familia zenye nafasi nyuma ya nyumba. Jana alikuwa anapigishwa shoti kila asubuhi kwa ratiba isiyovunjwa. Leo anapandwa Jumamosi na Jumapili, na katikati ya wiki anasimama. Misuli ya paja inayeyuka. Misuli hiyo ndiyo inayoivuta pia kutoka pale ilipojipachika, kwa hiyo ikilegea, mguu huanza kukwama. Wanunuzi hudhani wameuziwa farasi mgonjwa, na baadhi yao humrudisha au kumuuza kwa bei ya kutupa. Farasi aliyezaliwa na miguu ya nyuma iliyonyooka mno, asiyekuwa na pembe nzuri gotini, ndiye aliye hatarini zaidi, na umbo hilo hurithiwa. Farasi wadogo wa poni nao wana sifa hiyo, na vijana wanaokua upesi kabla nyama haijashika mwilini.

Mguu haukwami kabisa kila mara. Mara nyingi unachelewa tu. Farasi akiteremka mlima unaona pia inaruka. Akiombwa shoti anarusha mateke, kwa hiyo mpandaji anaandika kwamba ana tabia mbaya. Akigeuzwa kwenye duara dogo anatupa kichwa. Kiatu cha nyuma kinalika upande wa ncha kuliko kwingine, maana anaburuta mguu. Haya yote fundi wa kwato na saisi huyaona kabla hayajafika mezani kwa mtu yeyote.

Sasa, kwa nini daktari asiachwe? Kwa sababu goti hilohilo lina maradhi ambayo tiba zake zinapingana. Mguu unaokwama kwa ulegevu wa misuli unataka kazi: kutembea kwa mstari mrefu ulionyooka, kupanda mlima kwa hatua, kurudishwa nyuma kidogo kila siku, kuvuka magogo yaliyolazwa chini, kuachwa malishoni mchana kutwa. Kumfungia bandani "apumzike" ndiko kumharibu. Lakini farasi aliyechanika gegedu ya goti, au aliyepigwa teke na mwenzake pia ikapasuka, huyo anataka utulivu, na ukimpandisha mlima umemmaliza. Kwa macho ya mbali wote wawili wanachechemea nyuma. Daktari ndiye mwenye kuwatenganisha. Humkunja mguu kwa muda na kumkimbiza telki aone kama maumivu yanazidi, akatia ganzi ndani ya kiungo aone kama yanaondoka, akapiga eksrei kuangalia mifupa, na altrasaundi kuangalia kano na gegedu.

Kwa hiyo simpiganii saisi dhidi ya daktari. Ninachokipinga ni daktari kuitwa akaambiwa nusu ya habari. Daktari akifika saa sita mchana akakuta farasi aliyekwisha kupata moto, mwenye farasi akasema "anachechemea kidogo wiki hii", atafanya nini? Saisi angemwambia ni mguu upi, ni saa ngapi, ni baada ya kusimama au baada ya kazi, kama goti lilikuwa na uvimbe, kama lilikuwa na joto. Maelezo hayo hayauzwi dukani, na eksrei haiyatoi.

Jambo linalonichoma zaidi ni haraka ya kisu. Iko operesheni ya zamani ya kuikata ile kano ya ndani. Ni ya muda mfupi, farasi hufanyiwa akiwa amesimama, ametulizwa na kutiwa ganzi. Mguu haukwami tena, na kila mtu anafurahi. Ila kano ile haikuwekwa pale kwa urembo. Ikikatwa, pia hukosa mshikilio wake wa ndani, na baadhi ya farasi huja kumeguka ncha ya chini ya pia au kulika gegedu yake, hasa wakirudishwa kazini mapema. Ndiyo maana madaktari waangalifu hutaka farasi apumzike miezi 3 au zaidi baada ya kukatwa, na ndiyo maana siku hizi wengi wao huiweka operesheni hiyo mwisho kabisa wa orodha. Kabla yake kuna mazoezi, kuna lishe ya kumrudishia mwili aliyekonda, kuna fundi wa kwato wa kufupisha ncha na kusawazisha ukwato, na kuna njia ya kuitoboatoboa kano bila kuikata ili inenepe na kukaza.

Nimeona mwenye farasi akiomba kisu kwa sababu mashindano ya watoto yalikuwa karibu. Mazoezi yangemaliza wiki nyingi, na hakuwa na wiki hizo. Daktari alikataa, akaitwa mwingine asiyekataa. Sitataja jina la mtu wala la banda. Nasema tu kwamba farasi hakuwa na haraka yoyote; haraka ilikuwa ya kalenda.

Dawa ya maumivu nayo ina kishawishi chake. Fenilibutazoni, ambayo sisi mabandani huiita byuti, inafanya kazi nzuri mkononi mwa anayeijua. Lakini imekuwa ikitiwa katika pumba bila daktari kuulizwa, Jumamosi asubuhi, ili farasi apandike hadi Jumapili jioni. Dawa hiyo huchubua tumbo na kuumiza figo ikizidi, na hata isipozidi huficha kitu ambacho saisi alipaswa kukiona. Nikikuta farasi ameanza kutembea vizuri ghafla bila sababu, natazama ndoo yake ya chakula.

Wafugaji nao nina neno nao. Kuna goti linaloharibika farasi angali anamfuata mama yake. Gegedu haigeuki kuwa mfupa inavyotakiwa, kipande kinalegea, mara nyingi kwenye ukingo wa nje wa mfupa wa paja, na goti linajaa maji kabla mtoto hajatimiza mwaka au punde tu baadaye. Mwingine hupata tundu ndani ya mfupa, upande wa ndani wa goti, lisilojulikana mpaka siku anapoanza mafunzo akachechemea. Damu ya ukoo ina sehemu yake, na lishe ina yake: mtoto anayesukumwa na nafaka nyingi ili aonekane mkubwa siku ya mnada, madini yakiwa hayakulinganishwa, anakuzwa upesi kuliko mifupa yake. Baadhi hupona wenyewe wakiwa wadogo. Wengine huhitaji mpasuaji mwenye kamera nyembamba ya kuingia ndani ya kiungo, na hiyo si huduma ya kila kijiji. Saisi wa shamba la uzazi huko Molo au Naivasha anayepapasa magoti ya watoto kila jioni wanapoingia anaweza kumwokolea tajiri wake fedha kuliko mshahara wake wa miaka.

Msomaji asiye na farasi ataniuliza, haya yananihusu nini? Jirani yake ana punda. Goti la punda limeumbwa vivyo hivyo na hukwama vivyo hivyo, na hakuna anayemwita punda mgonjwa, anaitwa punda. Punda wa mkokoteni akiburuta mguu, mzigo haupunguzwi, fimbo inaongezwa. Kuna sehemu bado huchukuliwa chuma cha moto, punda akachomwa gotini au pajani ili "ugonjwa utoke". Kinachotoka ni ngozi, na kidonda kipya juu ya maumivu ya zamani. Kule Lamu, ambako punda ndiye gari, kituo cha kuwatibu kilifunguliwa mwaka 1987, na wenyeji wamezoea kumpeleka punda kwa mganga wa wanyama kama wanavyompeleka mtoto zahanati. Bara tunaweza kujifunza hapo. Sheria tunayo: Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama, kumpiga ovyo, kumfanyisha kazi asiyoiweza. Iko vitabuni tangu 1962.

Sasa nije kwa wenye mabanda, kwa sababu lawama bila pendekezo ni kelele.

Kwanza, wekeni daftari mlangoni. Si kompyuta, ni daftari la shule na kalamu iliyofungwa uzi. Kila asubuhi saisi aandike farasi alivyotoka: ametoka vizuri, amekwama, mguu upi, amevimba wapi. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake aandike. Daktari akija, asome daftari hilo kabla hajamgusa farasi. Nimeshuhudia daktari mmoja kutoka upande wa Kabete akisoma kurasa kama hizo akiwa amesimama, kisha akamgeukia saisi, wala si mwenye farasi, akamuuliza, "Mzee, ukimrudisha nyuma hufunguka?" Lile swali lilimaliza nusu ya kazi.

Pili, acheni kumlipa saisi kwa idadi ya farasi aliosafisha. Anayepewa farasi wengi kupita kiasi hufungua milango, hufagia, hukimbia. Hawezi kusimama kutazama hatua kumi. Mkitaka macho yake, mpeni muda wa kutazama, na muda ni mshahara. Mazoezi niliyoyataja, ya kupandisha mlima na kurudisha nyuma kila siku kwa miezi, hayafanywi na daktari wala na mwenye farasi. Yanafanywa na saisi, kwa miguu yake, mvua ikinyesha. Tiba yenyewe ni saisi.

Tatu, mafunzo. Kijana wa usaisi siku hizi hujifunza kwa kupigwa kelele. Joki ana leseni, mkufunzi ana leseni, daktari amesajiliwa na bodi. Saisi anayekaa na mnyama mchana na usiku hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba anajua kupima joto la mwili. Wanaosimamia mbio na mashindano ya kupanda wanaweza kuanzisha kozi fupi ya saisi, kwa Kiswahili, ifundishwe bandani mbele ya farasi, na mwisho wake apewe cheti. Haitawafilisi.

Kwa anayekwenda kununua farasi aliyestaafu mbio, nina ushauri wa bure. Usikubali kuonyeshwa farasi ambaye tayari ametandikwa na kupashwa moto. Nenda alfajiri bila kutangaza. Simama pembeni, mwache saisi amtoe mwenyewe, utazame miguu ya nyuma. Mgeuze pande zote mbili, mteremshe mlima, mrudishe nyuma. Kisha muulize saisi, kwa heshima na mbali na masikio ya muuzaji, farasi huyu hutokaje asubuhi. Ukiona anatazama chini, funga pochi yako, umlete daktari kwanza.